Embe za Pande Tatu

Bi Nana hakuwa na vipimo. Nimekaa katika majiko mengi, Basra, Bombay, Ngazija, hata kwa bibi mmoja wa Kigiriki kule Aleksandria aliyehifadhi zeituni zake chini ya kitanda, na popote nilipoomba mapishi nilipewa hesabu: vikombe vitatu, vijiko viwili, siku saba. Bi Nana alinipa watu. Ndimu, alisema, hutiwa munyu mpaka zikunje uso kama marehemu mama yake alipopitiwa bila salamu. Bungo hukamuliwa na mtu asiye na haraka, kwa hiyo usimpe dada yake Mwanamkisi, atakuachia kokwa ndani ya mai. Boga la mwanzo wa mvua hupikwa kwa tui mpaka livunjike kama zilivyokuwa zikivunjika ahadi za mume wake wa kwanza. Ukiwatoa watu hao, chakula hakipikiki. Nilijaza daftari zima na sikuweza kupika hata kitu kimoja.

Nilimkuta katika kisiwa cha Ndau mwishoni mwa mwaka 1965, akiishi katika chumba cha kuazima pamoja na Hindu, mke wa mwanawe. Kwao si Ndau. Kwao ni Mkokoni, ng'ambo, upande wa bara. Ramadhani ya mwanzo wa mwaka ule mashifta, wapiganaji wa msituni, waliingia Mkokoni, wakachoma nyumba kadhaa, wakachukua mchele na nguo, na wakaondoka na mtu mmoja: Famau, mwana pekee wa Bi Nana, mume wa Hindu. Kijiji kizima kikahamia visiwani. Walioshuhudia walisema Famau alifungwa mikono akabebeshwa magunia. Wasioshuhudia walisema alikwenda kwa miguu yake. Waliosikilizwa ni hawa wa pili. Jina la Famau likaandikwa katika karatasi kituoni, na siku zile mtu aliyeandikwa katika karatasi ile hakuulizwa swali akikutwa porini. Alipigwa risasi.

Hayo Bi Nana aliyajua, na hakuyazungumza. Alizungumza achari.

Chumba chake kilinuka siki na pilipili hata mlango ukiwa wazi. Mitungi ilipangwa ukutani, midomo yake imefungwa kwa vitambaa. Mmoja ulikuwa peke yake pembeni, na mdomo wake ulikuwa umepakwa jivu. Nilimuuliza una nini. Akajifanya hakusikia, akaniuliza kama kwetu tunakula biringani na ganda lake. Nilipotoka, Hindu alinifuata mpaka uani.

"Usimuulize tena, Bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Achari ikitengenezwa, kuharibika hakutajwi. Ukikutaja umekuita."

"Na lile jivu?"

"Ndilo lisemalo badala ya kinwa. Kitu kikitiwa ivu, mtu wa nyumba hii hakigusi, hata awe na ndaa vipi. Famau tangu mtoto ajua hivyo. Wengine hawajui, ni mambo yetu ya ndani tu."

Nikaliandika. Baadaye nililifuta, lakini hiyo ni habari ya mbele.

Mgeni wa pili wa chumba kile alikuwa Sajini Hudson, mkubwa wa askari waliowekwa Ndau. Alikuwa mtu wa Nyeri, mnene wa shingo, mpole wa sauti, na aliipenda achari ya embe kwa namna ambayo mtu wa bara pekee anaweza kuipenda, kama kitu alichonyimwa utotoni. Kila adhuhuri alikuja na kofia mkononi, akakaa juu ya jamvi, akaletewa wali. Bi Nana alianza kwa kumwita Bwana Sajini. Nilipofika mimi alikuwa tayari akimwita mwanangu.

"Bi Nana," alisema siku moja, "mke wangu Jerioth amenijibu. Huko kwetu hakuna embe, amejaribu na mapeasi mabichi. Anasema watoto wamelia."

"Wamelia kwa utamu au kwa ukali?"

"Hakuandika."

"Basi ni ukali. Mwambie mkeo asitie munyu kama mtu alipizaye kisasi."

Hudson alicheka mpaka akafuta macho. "Ataniuliza huyu mama anayenifundisha kupika huku pwani ana umri gani."

"Mwambie nina meno manne, yote ya upande mmoya. Atalala usingizi."

Akatoa kijitabu chake, akailamba penseli. "Nipe tena yote, kutoka mwanzo. Safari hii naandika kila neno."

Bi Nana aliweka embe changa magotini. Alipofundisha alibadilika, mgongo ulinyooka, macho yakaangaza. "Haya. Embe ichumwe kokwa ikiwa bado laini, kisu kipite. Ioshwe, ifutwe, isibaki na mai. Uipasue pande nne, lakini usiiachanishe, ibaki imeshikana hapa kwenye kikonyo. Munyu katikati. Uianike kwenye kitanga. Siku ya kwanza yua, siku ya pili yua, usiiguse. Siku ya tatu uigeuze, mwenyewe, kwa mkono wako. Ukikawia, hukupika kitu."

"Lazima ziwe nne?"

"Nne. Mwanangu Famau alikuwa akipasua tatu. Kila mwaka ugomvi! Aniambia, 'Mama, hiyo ya nne yenda wapi?' Mvivu yule. Lakini kugeuza siku ya tatu, hajapata kukosa. Hata awe na homa, atakuya atambaa."

Jiwe la Hindu, aliyekuwa akisaga pilipili nyuma yetu, lilinyamaza. Bi Nana alikuwa akitabasamu bado, akiitazama embe. Mimi niliitazama penseli ya Sajini. Haikusimama. Iliandika mpaka mwisho wa mstari, ikarudi, ikaandika tena.

Wiki iliyofuata wanawake wa Mkokoni walimwendea Hudson. Embe zao zilikuwa zinapita ng'ambo kule, kokwa zinakomaa, na mwaka usio na achari ni mwaka wa kula wali mkavu. Aliwaruhusu kwa masharti: asubuhi moja, watu watatu tu, pamoja na askari wanne na yeye mwenyewe. Wanawake wakamchagua Bi Nana, Bi Nana akamchagua Hindu, na nafasi ya tatu nikaiomba mimi kwa sababu siwezi kuona mahali nikaacha kwenda. Gharib, mwenye mashua, alituvusha, akakataa kushuka.

Mkokoni haikuwa na jogoo. Hilo ndilo nililolisikia kwanza, kutokuwepo kwake. Nyumba zilizoungua zilikuwa zimeota nyasi ndani, zile nzima zilikuwa wazi milango. Tulipita kisimani, ndoo ilikuwa imefungwa kamba mpya. Askari mmoja aliigusa kamba ile, akamtazama Sajini, wakaendelea kwa hatua fupi.

Mwembe wa Bi Nana ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na matawi yake ya chini hayakuwa na tunda. Tumbili wangeacha makapi na vikonyo vilivyonyofolewa. Hapa vikonyo vilikatwa kwa kisu, vyote urefu mmoja.

Uani, mahali penye jua, kitanga kilikuwa kimetandikwa. Juu yake embe zilipangwa kwa safu, zimepasuliwa, zimeshikana kwenye kikonyo, na chumvi ndani yake ilikuwa bado haijayeyuka yote.

Hindu alishika nguzo ya mlango. Bi Nana hakushika kitu. Alisimama mikono imening'inia kama mtu aliyevuliwa nguo.

Sajini Hudson alichuchumaa. Alizihesabu kwa kidole, polepole. "Thelathini." Akaichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaweka ncha ya kidole kati ya mpasuo na mpasuo. Midomo yake ilihesabu bila sauti.

"Tatu," alisema.

"Watu wangi hupasua tatu," alisema Bi Nana.

"Hapana, mama. Wewe ulinifundisha kwamba watu hupasua nne." Alionja chumvi kwa ncha ya ulimi. Hakukuwa na ukali usoni mwake, ila huzuni kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Hii ni ya leo asubuhi, au jana jioni. Siku ya tatu atakuja kugeuza. Ulisema hajapata kukosa." Akairudisha embe mahali pake, sawasawa ilivyokuwa, akawaambia askari wake, "Hakuna kuchuma. Hakuna kugusa. Nyinyi wanne mtabaki vichakani, nitawaletea maji na mkate. Nyayo zetu zote zifutwe tukitoka."

Ulimi wa Bi Nana ndio uliomfichua mwanawe, tena kwa furaha ya kufundisha. Alilijua hilo, na kila mmoja wetu uani pale alilijua.

Kisha akaenda jikoni. Mafiga matatu yalikuwa na jivu jeupe, jepesi, la moto wa juzijuzi. Akachota kwa viganja viwili, akarudi.

"Unafanya nini?" Hudson alisema. "Nimesema hakuna kugusa!"

"Siafu," alisema Bi Nana.

"Siafu gani?"

"Nyumba yangu hii, Bwana Sajini. Siafu wake nawajua, hawavuki ivu. Wakizila embe hizi yeo, kesho kutwa utamngojea nani, na atakuya kufuata nini?"

Nilimwona Sajini akifikiri. Alimtazama mama aliyekuwa akimsaidia kumtegea mwanawe, na nadhani alimwonea haya kwa niaba yake. "Haya," akasema, akageuza uso. "Fanya haraka."

Bi Nana alipiga magoti. Alinyunyiza embe moja baada ya nyingine, si kwa pupa, si kwa kurusha, bali kwa vidole vitatu, kwenye mdomo wa kila mpasuo, mpaka zote thelathini zikawa kijivu. Hindu alinitazama. Mimi niliinama kufunga viatu vyangu. Nimekwisha kunyamaza katika miji mingi na mbele ya watu wenye bunduki. Sijapata kunyamaza kwa uzito ule.

Siku tatu zilizofuata Ndau haikuwa na jambo. Bi Nana alipika kunde kwa nazi, alikausha majani yake, alichuja ukwaju. Hakusema kunde ni za nani wala ukwaju ulifundishwa na nani. Kila kishindo kutoka upande wa ng'ambo, mlango uliobamizwa na upepo au kuni zilizoangushwa, kilisimamisha mikono yake hewani. Siku ya tatu hakula. Jua lilipokaribia kuzama alitandika msala mapema, na akakaa juu yake muda mrefu kupita sala. Hatukusikia risasi.

Siku ya nne, adhuhuri, saa yake ileile, Sajini Hudson aliingia uani na kofia mkononi. Buti zake zilikuwa na matope ya ng'ambo. Akakaa juu ya jamvi, akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa, akakifungua mbele ya Bi Nana. Embe.

"Hakuja mtu," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Nana, kisha, haraka, "kwamba vijana wako wamerudi wazima."

"Wamerudi wazima. Hawakuona mtu, hawakusikia mtu. Wamelala chini siku tatu, na wananiambia hata siafu mmoja hawakumwona." Aliitazama embe. "Zote thelathini zipo. Ishirini na tisa zina jivu juu. Hii moja jivu lilikuwa chini. Mtu ameigeuza."

"Tumbili," alisema Hindu kutoka mlangoni.

"Tumbili hugeuza embe, akaondoka bila kuila?"

Hindu aliingia ndani. Nikasikia kitu kimeanguka, kisha pumzi ya mtu aliyeweka kanga kinywani. Bi Nana hakuiondolea macho ile embe ya pande tatu. Uso wake haukuonyesha kitu, ila kidole chake cha shahada kilisogea, kikaugusa ubavu safi wa embe, ule uliotazama juu, kikarudi kwenye paja.

Hudson alitoa kijitabu. Akafungua mahali penye kona iliyokunjwa, akasoma kwa sauti, taratibu, kila neno: kuchuma, kuosha, kufuta, pande nne, munyu, kitanga, siku ya tatu. Alisoma hata habari ya homa na kutambaa. Alipomaliza alinitazama mimi, muda wa kutosha, nami nikakumbuka ukurasa wangu wa habari ya jivu, ambao niliufuta siku hiyohiyo asubuhi mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akamgeukia mama.

"Jivu halimo humu," alisema.

"Hukuuliza, Bwana Sajini."

Alisikia alivyoitwa. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea jibu la barua. Hindu alileta sahani ya wali yenye achari kando, akaiweka mbele yake, akarudi nyuma hatua tatu. Hudson hakuigusa. Alitafuta ukurasa mweupe, akaukandamiza kwa kiganja, akailamba penseli.

"Basi tuanze upya," alisema kwa sauti yake ya upole. "Yote. Polepole. Leo sina haraka, na kesho pia sina."

Bi Nana alinyoosha mgongo. "Embe huchumwa changa," alianza. "Huoshwa mara mbili. Chumvi, kikombe kimoja kwa embe kumi. Siki, vikombe viwili. Pilipili, vijiko vitatu."

Akaendelea hivyo mpaka mwisho, vikombe na vijiko na siku, sawasawa kabisa, na Sajini akaandika kila kitu. Hakumtaja mtu hata mmoja.