Ndiyo ya Kiingereza

Kisa chote kilianza na maji ya moto. Nilikuwa mfua mashuka kwenye hoteli ndogo ya Marangu, mwaka wa kumi na moja huo, mama wa watoto watatu kutoka Kilema, na Kiingereza changu cha darasa la saba kilishaota kutu. Siku hiyo mgeni mmoja alichungulia mlangoni, taulo kiunoni, akaniuliza kwa Kiingereza: hakuna maji ya moto leo? Nikamjibu kwa heshima zote, "Yes!" Yaani ndiyo, ndugu yangu, hakuna. Akashukuru, akaingia bafuni akiimba. Maji yetu yanatoka mlimani. Yowe alilopiga yule baba sijalisikia tena.

Meneja wetu, mama wa Kizungu, aliniita. Nikajua kazi imeota mbawa. Badala yake alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba baada ya Pasaka nafasi ya mapokezi itakuwa wazi. Nikinyoosha Kiingereza, ananifanyia usaili. Nikishindwa, mashuka yangu yapo palepale. Mapokezi! Kukaa kwenye kiti, kukavu, nimevaa soksi! Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Mwenzangu wa jikoni akanitonya kwamba mjini Moshi, kwenye kafe za intaneti, kuna mazoezi ya sarufi ndani ya kompyuta. Jumamosi iliyofuata nikateremka.

"Shikamoo mama," alisema binti wa pale kafe. "Unataka kufungua imeili?"

"Marahaba mwanangu. Nataka sarufi."

Akanionyesha namna ya kutumia mausi. Mimi nikainyanyua juu nikaielekeza kwenye kioo kama naipiga picha. Aibu gani! Lakini nikashika njia. Sentensi inakuja na pengo, unachagua neno, unabonyeza: ukipatia unawekewa vema ya kijani, ukikosea kosa jekundu. Vema yangu ya kwanza niliipigia vigelegele, kafe nzima ikageuka. Nilikwenda Jumamosi zote za Kwaresima. Hapo kwenye he na she nilihangaika wee. Sisi "yeye" yetu inatosha watu wote. Wao lazima kwanza wajue ni mume au mke, utadhani wanakwenda kuposa.

Kisha likaja zoezi lililotaka kunitoa roho. Swali lilisema: hujawahi kufika London? Nikajibu yes, sijafika. Kosa. Nikarudia. Kosa! Mara ya tatu nikaigombeza kompyuta kwa sauti. "Una kiburi wewe! Mimi London nimefika lini?"

Binti akaja mbio, akidhani nitaivunja. Akasoma, akacheka. "Mama, Waingereza hawa hawamjibu mtu aliyeuliza. Wanajibu lililotokea. Kama hujafika ni no, kama umefika ni yes. Hata swali likija kinyumenyume."

Kumbe! Ndiyo maana yule baba wa watu aliingia kwenye barafu akiimba. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwakubalia wageni kwa adabu, na wao walikuwa hawataki adabu. Nilicheka peke yangu njia nzima. Kuanzia siku hiyo kila shuka nililoanika nililiuliza swali la kukanusha na nikalijibu mwenyewe kwa nguvu. Hujakauka? No! Huchoki? No! Wenzangu wakasema sabuni imenipanda kichwani.

Siku ya usaili meneja alinitazama juu ya miwani. "Hujawahi kufanya kazi ya mapokezi?" aliuliza kwa Kiingereza. Ile yes yetu ikafika kwenye meno kabisa. Nikaimeza. "No, sijawahi," nikajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Akaandika kitu.

"Huogopi simu?"

"No!"

"Huna swali?"

"Yes, ninalo. Naanza lini?"

Akaweka kalamu chini. "Jumatatu."

Jamani, sikutembea kurudi Kilema. Nilipita katikati ya migomba nikiruka mifereji, viatu mkononi, nikimpungia kila mtu na hata wasiokuwa watu. Mume wangu, aliyekuwa akiniambia wiki zote zile kwamba ananiombea, alikuwa mlangoni. Aliniona natweta, jasho na machozi vimechanganyika, akaniuliza taratibu:

"Hujapata?"

"Ndiyo!" nikapiga kelele.

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema.

"Afadhali nini?"

"Pole, mama watoto, nilitaka kusema pole..."

"Nimepata, baba watoto. Naanza Jumatatu, na si kurudi saa tisa tena, ni mpaka usiku."

"Si umesema ndiyo?"

"Ndiyo ya Kiingereza."

Akakaa chini polepole. "Sasa," akauliza, "ng'ombe atakatiwa majani na nani?"

Iliniuma, sitadanganya. Kumbe maombi yalikuwa ya ng'ombe! Lakini furaha ilikuwa nyingi mno kuliko hasira, nikaangua kicheko mpaka mbavu zikauma, naye akaishia kucheka kwa aibu.

Jumatatu alfajiri, nikiwa navaa soksi, nilimsikia nje akipekua huku na huku: nyuma ya zizi, chini ya ghala, juu ya dari ya jiko. Alikuwa anatafuta mundu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mume wangu hajui mundu unakaa wapi.

Sikumwambia. Nilikuwa nachelewa kazini.