Likizo ya Hamali wa Bari

Sabino Lorusso alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikuwa gurudumu. Si gurudumu la gari wala la baiskeli, hayo alipatana nayo vizuri. Ni yale madogo, kwanza mawili, baadaye manne, ambayo mtu fulani asiye na huruma aliyabandika chini ya masanduku ya wasafiri. Sabino alikuwa hamali katika stesheni kuu ya Bari kwa miaka ishirini na minane. Aliwaona hamali wenzake wakipungua mmoja mmoja mpaka akabaki yeye na toroli lake, akiwatazama wanawake wenye viatu virefu wakimpita huku wakiburuta kilo thelathini kwa vidole viwili. Mwishowe akapewa ufagio, akamalizia utumishi wake kwa kufagia majukwaa. Siku aliyokabidhiwa ufagio ule alikula yamini kwamba sanduku la magurudumu halitaingia nyumbani kwake, na sisi majirani zake wa mtaa wa Libertà tulikijua kiapo hicho na tukakigeuza mzaha wa miaka nenda miaka rudi.

Mkewe Nunzia hakufanya mzaha. Yeye alikuwa fundi cherehani, ameshona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa, na wateja wake wote walikwenda fungate. Yeye aliolewa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi mumewe alikuwa stesheni akiwapakilia mizigo maharusi wengine waliokuwa wanakwenda Venisi. Aliambiwa fungate yao itakuwa mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata akazaliwa Mariella, halafu paa likavuja, halafu mama mkwe akaanguka kitandani na hakuinuka kwa miaka sita, na mambo yakaendelea kuja hivyo, moja likilisukuma lenzake, mpaka ikatimia miaka arobaini na tisa.

Basi katika majira haya ya baridi Mariella, anayeishi Ujerumani, alipiga simu akasema kwamba ndoa ya wazazi wake inaelekea miaka hamsini na zawadi yake ni tiketi za treni. Wachague miji mitatu. Nunzia hakungoja hata asalimiwe vizuri. Akataja Roma, Firenze, Venisi, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo chini ya ulimi tangu ujana. Halafu akaona haya, akampa mumewe simu.

Sabino akashika usukani wa mipango. Treni, alisema, ni kazi yake, asiingiliwe. Alitandaza ratiba juu ya meza ya jikoni, akachonga penseli, akavaa miwani yake na juu yake ile ya Nunzia. Tarehe haikuwa na mjadala: hakuna mtu wa Bari mwenye akili zake anayeondoka mjini kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, ile ya mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo wangeondoka tarehe kumi na mbili. Baada ya hapo kukawa na kuandika na kufuta kwa majuma mazima. Alimweleza kila aliyepita ngazini kwamba Roma, Firenze na Venisi zote ni stesheni za mwisho wa reli, treni inaingia kichwa mbele na kusimama, unashuka na kutembea bila kukanyaga ngazi hata moja. Tulimsikiliza kwa adabu. Hatukujiuliza kwa nini mtu wa kwenda kutalii anazungumzia ngazi kiasi hicho, bila kugusia makanisa wala picha.

Siri yenyewe ilikuwa mgongoni. Mwaka mmoja nyuma, akinyanyua mtungi wa gesi, Sabino alisikia kitu kimeruka kiunoni. Daktari alitazama picha, akamwonyesha pingili mbili zilizolika, akamwambia kwamba tangu siku hiyo asiinue kitu kinachozidi kilo tano. Kilo tano ni ndoo nusu. Sabino alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba daktari amesema ni umri tu. Tangu hapo alikuwa akiumia kimyakimya, akijifanya anafunga kamba za viatu kila alipolazimika kupumzika njiani.

Na mzigo ulikuwa unakua. Nunzia alikuwa na sanduku moja tu, la ngozi ya kahawia, alilopewa na mama yake pamoja na mashuka ya harusi, na sanduku hilo likiwa tupu lilishapita kilo tano. Firenze walikuwa wanalala kwa binamu yake Enza, ambaye aliondoka Bari akiwa msichana na mpaka leo anaamini kwamba huko aliko hakuna chakula. Huwezi kumwendea mtu wa namna hiyo mikono mitupu. Kwa hiyo kabla gauni moja halijaingia sandukuni, palikuwa na makopo mawili ya mafuta ya zeituni, jibini, mfuko wa taralli, vile vibiskuti vya chumvi vya mviringo, na chupa za rojo la nyanya walizopika Agosti kama kila nyumba ya hapa inavyopika. Sabino alikuwa akipita, analitazama sanduku, anarudi kwenye ratiba yake na kufuta kitu.

Nunzia naye si mjinga. Siku moja alikaa mezani akaisoma ratiba mstari kwa mstari. Akaona kwamba Venisi, badala ya chumba karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko alichokiota maisha yake yote, mumewe amechukua chumba hatua mia moja kutoka stesheni. Akaona kwamba wakati wa kurudi, Bologna, ambako watu hubadilisha treni kwa robo saa, wao wangekaa dakika hamsini. Akaona kwamba Roma hawaendi popote siku ya kwanza. Akavua miwani.

"Sema kweli, Sabì. Huitaki safari hii."

"Nani kasema?"

"Karatasi yako imesema. Tunakwenda mpaka Venisi kulala mlangoni mwa stesheni, na Bologna tunakaa kutazamana kama watu wanaongoja jeneza. Mtu anayetaka kutembea na mkewe hapangi hivi. Kama umenivumilia inatosha, niambie, nimpigie Mariella arudishe tiketi."

Sabino alisema kwamba kahawa ya Bologna inasifiwa. Ndilo lililomtoka mdomoni, masikini, na mpaka leo akilikumbuka anajificha uso. Nunzia akainuka, akarudi kwenye cherehani yake. Tangu siku hiyo hakuitaja tena safari. Alipika, alifua, alimwekea dawa ya presha kwenye kijiko, ila neno Venisi halikusikika nyumbani humo, na sanduku likabaki wazi juu ya kiti bila mtu kuongeza kitu.

Sabino akaona kwamba akisema kweli, safari itavunjwa kwa ajili ya mgongo wake, na asiposema, itavunjwa kwa ajili ya moyo wa mkewe. Mtu mwingine angekwenda kununua begi la magurudumu. Mtu mwingine angegawa mzigo mara mbili. Lakini huyu alikuwa hamali wa Bari, na kwake yeye mwanamume anayempeleka mkewe fungate huku mke amebeba mzigo wake mwenyewe ni bora abaki nyumbani. Akaamua kufanya mazoezi.

Kila asubuhi Nunzia alipokwenda misa ya kwanza, Sabino aliondoa sandukuni vitu vyote, akapanga chupa za nyanya zilizoviringishwa kwenye taulo, akashuka nazo na kupanda nazo ngazi za ghorofa tatu. Alianza na chupa mbili. Siku ya tano akafika sita, akijisifu moyoni na kutokwa jasho kama mtu mwenye homa. Siku ya tisa alitia kumi na mbili.

Alifika kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Hapo mgongo ukakataa. Sanduku likamtoka, likaruka ngazi nane, likapasuka bawaba mbele ya mlango wa Rosetta, mjane wa ghorofa ya kwanza. Rosetta alifungua mlango akiwa na kikombe mkononi, akaona wekundu unatiririka ngazi kwa ngazi, na juu yake akaona mguu wa Sabino na uso wake mweupe. Ukelele alioutoa ulifika kanisani. Padri mwenyewe alisimama kidogo katikati ya sala.

Nunzia aliporudi alikuta nusu ya jengo ngazini. Rosetta alikuwa amekwisha kuonja na kutulia.

"Si damu, shoga yangu, ni nyanya," alimwambia. "Na ina chumvi ya kutosha, Mungu akubariki."

Nunzia aliwaomba watu waende makwao. Tulikwenda, ingawa milango haikufungwa vizuri. Alikaa juu ya ngazi kando ya mumewe, akamfuta viganja kwa kitambaa chake cha kichwani, akangoja. Sabino akasema yote. Kilo tano. Mwaka mzima sasa.

"Kwa hiyo kile chumba cha Venisi," Nunzia akasema polepole.

"Kutoka stesheni mpaka pale hakuna daraja hata moja. Kwingine kote kuna madaraja, na madaraja yana ngazi."

"Na Bologna?"

"Pale unabadilisha jukwaa kwa kupita chini ya reli, na lifti iko mbali. Na nilitaka nafasi ya kupumzika usinione."

Nunzia akaanza kucheka, halafu kicheko kikamgeuka akalia, akalia kweli, kichwa juu ya magoti. Sabino hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mimi nilidhani umenichoka," Nunzia akasema. "Majuma mawili nalala kando yako nadhani umenichoka. Mzee mjinga wewe. Nani kakuomba hamali? Mimi nilikwenda kanisani kuchukua mume."

Waliosha ngazi pamoja, yeye akimwaga maji, mumewe akifagia, maana kufagia anakujua. Na nitasema alichoniambia Sabino mwenyewe baadaye: kwamba asubuhi ile, akiwa na nyanya mpaka kwenye soksi na maumivu yakimpanda mpaka shingoni, alimshukuru Mungu kwa kila chupa iliyovunjika. Alisema hajawahi kuwa mwepesi hivyo tangu alipozaliwa Mariella.

Alasiri ile ile alikwenda peke yake dukani, mtaa wa Manzoni, akarudi na begi la bluu lenye magurudumu manne. Angeweza kulifunika. Hakulifunika. Aliliburuta katikati ya barabara, juu ya mawe, likipiga kelele kama mkokoteni wa tufali, nasi sote tukatoka kwenye roshani. Kinyozi wa pembeni aliacha mteja na povu usoni ili amwulize kama amemteka adui au yeye ndiye aliyetekwa.

"Tumepatana," Sabino akajibu bila kusimama. "Nunzia ndiye aliyetupatanisha. Rudi kwa mteja wako kabla hajakauka."

Enza alipigiwa simu akaambiwa ataletewa taralli tu, na kama ana njaa sana apande treni aje. Chumba cha Venisi Nunzia alikataa kukibadilisha. Alisema kimechaguliwa kwa akili kuliko chumba chochote alichowahi kusikia, na aliyekichagua ataonyeshwa uwanja wa Mtakatifu Marko kwa miguu, taratibu, bila mzigo.

Tarehe kumi na mbili walikuwa stesheni saa nzima kabla. Nunzia alivaa gauni la kijani alilolishona usiku na mchana, la kwanza kujishonea tangu lile la harusi. Begi liliteleza juu ya jukwaa vizuri mpaka Sabino akakasirika kidogo. Lakini mlango wa behewa ulikuwa na vidato, na kwenye vidato magurudumu hayasaidii kitu. Sabino akainama, akashika mpini.

"Niachie, baba."

Sauti ilitoka nyuma yao, kwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na sare ya wauguzi chini ya koti. Sabino alibaki ameinama, na Nunzia anasema aliona vidole vyake vikikaza, kisha vikalegea kimoja kimoja.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ila kunja magoti. Usiinue kwa mgongo, utakuja kunikumbuka."

Mwanamke akacheka, akakunja magoti, akalipandisha begi mpaka juu ya viti vyao, akaenda zake mabehewa ya mbele. Sabino alimshukuru tena akiwa ameshapita. Akakaa dirishani, mikono juu ya mapaja, akionekana kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni nini. Nunzia alipanga koti, akatoa maji, akamwuliza kama mgongo unauma. Akasema hauumi, asante, asante sana, mpaka Nunzia akamwambia aache kumshukuru kila mtu.

Filimbi ikalia, na Sabino akasimama.

Hakuamua kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Miaka ishirini na minane alipanda treni za Roma, akapandisha mizigo ya watu, akawatakia safari njema, na filimbi ilipolia akaruka chini. Alipanda maelfu ya treni hizo, na hakuna hata moja iliyowahi kuondoka naye. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kuelekea mlangoni Nunzia alipomshika upindo wa koti.

"Kaa, Sabì. Leo hatushuki."

Akakaa, na treni ikaondoka naye.