Yaya Hakwenda Sakania

Mimi ndiye niliyetunga uongo ule, kwa hiyo nisijifanye mtu mwema. Dada yangu mkubwa, tunayemwita yaya kama dada wakubwa wote wanavyoitwa Lubumbashi, alikuwa ameacha kulala. Alijibizana na watu ambao hatukuwaona, akachemsha maji mchana kutwa akisema yametiwa sumu. Kwanza tulimpeleka kwenye chumba cha maombi hapa hapa Ruashi, wakamshindisha njaa siku tisa wakiita mfungo. Alitoka amekonda, na sauti alizozisikia zikiwa palepale. Ndipo nikampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, akalazwa.

Mtaa ukaanza kuuliza. Mjomba, kaka wa mama, ambaye kwetu bila yeye binti haolewi, alituita tukae chini.

"Mukisema yaya iko ku lopitalo ya wazimu," alisema, "nani atakuya kuoa mudogo yake?"

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na mchumba. Nikasema basi tuwaambie watu kwamba yaya ameenda Sakania, mpakani, kuleta unga wa Zambia. Mjomba alinisifu kwamba nina akili. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Uongo huo ulitaka kulishwa. Yaya aliporuhusiwa kutoka, mama alikuwa ameshanunua mfuko wa unga wa Zambia sokoni kwetu. Tulisimamisha teksi nyuma ya kanisa, tukamtwika yaya ule mfuko kichwani, mtu aliyetoka hospitali asubuhi ile, akaingia mtaani akisalimia. Jirani mmoja akamlaumu kwa kumsahaulia sabuni. Yaya akaomba radhi.

Lakini alikuwa amepata nafuu kiasi cha kutushangaza. Alilala, alikula, alimsuka mdogo wetu nywele huku wakitaniana. Alichohitaji ni sindano moja kila mwezi, basi. Na kila mwezi alipotoka na mimi kwenda kuchomwa, majirani walidhani anakwenda Sakania, wakamwagiza sukari na mafuta ya kupikia. Tena wakwe zetu watarajiwa walikuwa wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, wenye malori yanayopita njia hiyo hiyo ya Sakania. Wangemwuliza yaya maswali mawili tu, tumekwisha. Mjomba akaamua sindano zingoje mpaka mahari ipokelewe. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi nisithubutu kuzikatisha. Nikamwambia mjomba sawa.

Siku ya mahari iliahirishwa mara mbili. Yaya akaanza tena kukaa dirishani akitikisa kichwa kama mtoto anayekataa chakula. Sote tuliona. Sisi tulikuwa tunajadiliana rangi ya mapazia ya kupokelea wageni.

Siku yenyewe wageni waliketi sebuleni, na msemaji wao akauliza lile swali ambalo kila ukoo huuliza kabla ya kutoa mahari.

"Mu hii jamaa, hakuna ugonjwa ya kifafa ao ya wazimu?"

"Apana, hata mumoja," mjomba akajibu, mkono kifuani.

Yaya alikuwa anaingia na sahani ya bukari, ugali wetu. Akaiweka chini taratibu.

"Iko miye," alisema. "Sikuendaka Sakania. Nililalaka ku lopitalo ya wazimu, na sindano yabo ilinisaidia. Sasa sauti zimerudia. Naomba munirudishe kule, tafazali."

Aliyasema kwa adabu, amepiga magoti mbele ya wazee inavyotakiwa. Chumba kizima hakikuwa na mtu mwenye akili timamu kumshinda yeye. Mama aliinamisha kichwa. Mdogo wetu alinikazia macho. Nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikapiga paja, nikawaambia wageni:

"Yaya yetu njo vile, anapendaka kusekesha bantu!"

Wageni, kusikia kwamba ni tabia yake tu kuchekesha watu, wakashusha pumzi, wakacheka. Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi, mnafiki yule, na mimi sikuwa bora kuliko yeye. Yaya alinitazama. Kisha naye akacheka kidogo, akaenda kuleta maji ya kuwanawisha wageni mikono.

Mdogo wetu ameolewa, anakaa upande wa Karavia, katika nyumba nzuri. Juma lililofuata baada ya harusi nilimwendea yaya na kadi yake ya hospitali mkononi, teksi ikingoja nje. Alikuwa amejifunika shuka gubigubi, ananong'ona na ukuta. Nikamwambia, twende yaya, sasa hakuna tena wa kutuzuia.

Akafunua uso, akaniambia kwa upole:

"Twende kufanya nini? Ile ilikuwa ya kusekesha bantu."