Mahindi ya Mama Mkwe Nilikunywa, Kuku Nikalisha Funza

Makosa ni yangu, mtu asisingizie shetani. Shetani siku hiyo alikuwa Malaba mpakani amekwama kwa foleni ya malori, hakuwa kwangu. Ni mimi! Jina sitaji, hapa Busibwabo tayari wamenicheka mpaka mbuzi wanacheka.

Bibi yangu ni wa Amukura. Mama yake alitupatia kuku watano wa kuanza, akatuma neno: "Mwambie mkwe wangu hizo kuku zisile uchafu. Zikule mahindi."

Nikajibu kupitia bibi, nimesikia. Kwetu wewe na mama ya bibi yako hamuonani ana kwa ana. Ukimwona kwa njia unaingia kwa shamba ya watu, unangoja apite. Ndiyo heshima.

Sasa jamaa mmoja wa upande wa Uganda akanionyesha kufuga funza. Unajaza beseni takataka ya kuoza, maganda, machicha ya busaa, hiyo pombe yetu ya mahindi, unaweka katoni juu. Kuna nzi weusi, wembamba kama nyigu, wanakuja kutaga hapo. Wiki mbili tu, walai, funza wanono kama kidole ya muuza nyama! Kuku zilikula zikafura. Jogoo yangu ikiwika, Tororo ng'ambo ya mpaka wanaamka.

Beseni niliificha ndani ya nyumba ya kuku, nikafunga na kufuli. Bibi akiuliza harufu, nasema ni choo ya jirani.

Siku moja bibi akapigia mama yake simu akisifu zile kuku. Mama akauliza zinakula nini. Mdomo huu wangu! Nikaropoka kutoka nyuma, "Mwambie ni mahindi tu!"

Hapo ndiyo nilijifungia.

Wiki iliyofuata boda ikashusha nusu gunia ya mahindi kutoka Amukura. Ati ya kuku za mkwe! Ningefanya nini? Nikikataa, nitaulizwa kuku zinakula nini basi. Nikapelekea mama mmoja mpika busaa wa hapa kijijini, yeye akanipatia busaa, machicha nikarudishia funza. Nikajiambia, si mahindi imefika kwa kuku? Imepitia tu kwangu kidogo!

Boda ikaja tena. Na tena. Kila mara naapa leo nasema ukweli, kila mara nasema ngoja wiki ijayo. Tumbo yangu ikafura kushinda ya jogoo.

Halafu mchana mmoja niko ndani ya nyumba ya kuku, nimechuchumaa nachota funza, nikasikia bibi: "Eh! Mama! Karibu!"

Mungu wangu! Amekuja bila simu! Hiyo nyumba ina mlango moja, na mama akaletewa kiti akaketi hapo hapo kwa mlango, kwa kivuli. Nitokee wapi? Nimruke?

Nikatulia. Saa nzima. Saa mbili. Na funza wakishaiva wanageuka weusi, wanatoka wenyewe kwa beseni kutafuta mahali pakavu. Pakavu ilikuwa suruali yangu! Wakapanda mstari mmoja kama yale malori ya Malaba, hata kwa forodha hawakusimama. Siwezi kujikuna, siwezi kukohoa, jogoo inaniangalia kama askari jela.

Ndiyo nikasikia bibi: "Mama, mbona umekonda hivi?"

"Ni hii miezi ya njaa tu. Itapita. Mahindi iliisha."

"Iliisha aje na ulivuna mzuri?"

"Si nilituma hapa? Mimi mihogo inanitosha, mwanangu. Mwanaume akitunza kuku zangu hivyo, najua hata mtoto wangu anamtunza. Hebu nizione."

Jamani! Utani wote uliniisha. Nilikuwa nimekunywa chakula ya huyo mama, kikombe kwa kikombe, nikiimba!

"Ngoja mzee arudi, ufunguo iko na yeye," bibi akasema.

"Kufuli iko wazi hii."

Mlango ukafunguka. Mimi huyo, nimechuchumaa, funza mpaka kiunoni.

Mama akafunika uso na leso, akageuka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Akaongea na bibi, mgongo kwangu: "Muulize mkwe wangu, mahindi yangu iko wapi."

Niko hapo, hatua mbili, nasikia kila kitu! Lakini bibi akaniuliza, akilia. Na mimi nikajibu bibi: "Mwambie... nilikunywa."

Aliondoka bila hata chai. Wazee wamesema nitoe mbuzi ndiyo akanyage tena kwangu. Mbuzi nimetoa, na hajakanyaga. Mahindi natuma na boda kila Jumamosi, inarudi na gunia vile nililifunga, kamba haijaguswa. Bibi ananipakulia chakula, anaenda kula yake jikoni. Kuku ziko, zimenona vibaya sana, na hakuna mtu kwa hii boma anataka kuzichinja.

Funza si aibu, ndugu zangu. Funza yangu ilikuwa safi, mdomo ndiyo ulioza. Wewe unayeficha beseni yako huko nyuma, ambia mama mkwe leo. Pitia kwa bibi, heshima ni heshima, lakini ambia! Usingoje afungue mlango mwenyewe.