Usifungue Kazini

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa muda katika ofisi moja ya wakulima wa miwa mjini Kakamega. Barua ya kuniajiri kwa kudumu ilikuwa mezani kwa mkubwa wangu, ikingoja sahihi yake tu. Kompyuta yenye intaneti ilikuwa moja, na aliyeijua ni mimi.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nikiingia kwenye jukwaa la Wakenya, wengi wao wa ng'ambo. Tulikuwa na adabu zetu: ukituma kitu cha aibu, uandike kwenye kichwa cha ujumbe, "Usifungue kazini." Wengi walifuata. Bwana mmoja wa Amerika aliona huo ni ushamba.

Siku hiyo alituma ujumbe wenye kichwa "Picha za harusi yangu." Kwetu picha za harusi hazitazamwi na mtu mmoja, huo ni uchoyo. Nikamwita mkubwa, na wazee watatu wa kamati waliotoka Kabras kumwona wakavuta viti.

Intaneti ile ilikwenda mwendo wa kobe. Picha ilishuka kidogo kidogo kutoka juu: pazia, nywele, kisha uso wa mwanamke anayecheka.

"Bibi harusi ndiye huyo," mzee mmoja akasema. "Kumbe hii kitu inaletanga watu mpaka hapa?"

"Inaleta, mzee. Ngoja uone gauni," nikamjibu, kichwa kimenivimba.

Yakaja mabega matupu, na mimi bado nangoja gauni, mjinga mimi. Kilichofuata sikiandiki. Nilibonyeza kila kitu, picha ikazidi kushuka, mwishowe nikachomoa waya ukutani. Wazee walikuwa wanaangalia sakafu.

"Kwa hivyo hii ndiyo unaonanga hapa kila siku, msichana wetu?" mkubwa akauliza polepole. Nilieleza habari za jukwaa na adabu zake. Nani angeelewa?

Kesho yake nilimwandikia yule bwana kwamba amenimaliza. "Dada, kazini ni pa kufanya kazi," akanijibu, na wenzake wakamwandikia vicheko. Nilimchukia. Namchukia hata leo, na sitaki kuambiwa nisamehe.

Ijumaa mkubwa aliniita nipige barua.

"Ni yako," akasema. "Lakini utaandika wewe, madam. Hakuna mwingine anajua hiyo mashine."

Akanisomea maneno ya kunifuta kazi, moja moja, nami nikapiga. Nilipomaliza alisimama nyuma yangu, akaniagiza niongeze kichwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, ili kila atakayefungua faili langu ajue mapema kwamba ndani yake mna mambo ya aibu. Nikakiongeza, nikatoa nakala tatu.