Visoda Vitatu vya Karafuu

Kosa langu lilianza na kiburi. Nilikuwa nachanganya mafuta ya kujipaka nyumbani kwangu Kambarage: alizeti, nta ya nyuki, na matone machache ya mafuta ya karafuu. Dada yangu, anayekosha mchanga wa dhahabu Mwakitolyo, ndiye aliyeniuzia kwa wanawake wenzake, maana kazi ile huwapasua mikono.

Siku moja akaniletea lalamiko. "Wanasema hayawashi. Mtu anapaka, hasikii kitu, anaona kapaka maji."

Kwetu dawa isiyowasha haina heshima, nami sipendi kuambiwa nimeuza maji. Nikaacha kuhesabu matone, nikaanza kupima kwa kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda. Kimoja, kisha viwili, mwisho vitatu kwenye sufuria ya kujaza makopo manne. Nyumba nzima ilinukia pilau. Ni mmea tu, nilijiambia, tunautia kwenye chai, utamdhuru nani?

Ulimdhuru dada. Ili wenzake waamini, alijipaka uso mzima mbele yao, na ulipoanza kuwaka akavumilia, akidhani dawa inaingia. Nilipofika kesho yake mashavu yalikuwa yamevimba na ngozi imebabuka chini ya macho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alijibu, akiangalia ukuta.

Wenzake walikuwa wamerudisha makopo, yamepangwa mlangoni. Aibu niliyoiona sina mfano wake. Lakini kilichoniuma zaidi ni kuliona na kopo lake yeye humo.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpa dawa, kisha akanigeukia mimi. Alinieleza kwamba kichupa kimoja cha mafuta ya karafuu kina ukali wa karafuu nyingi mno, si sawa na punje mbili za kwenye chai. Nisizidishe nusu gramu katika gramu mia za mafuta, na kila mtu ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima.

"Na mama, kuwasha si kupona," alisema. "Hapo ngozi inakukatalia."

Nusu gramu mimi ningeipimia wapi? Nikaenda kwa mnunuzi wa dhahabu aliye jirani na dada, nikamwomba anipimie karafuu kwenye mizani yake. Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini akakubali, akanionya nisipumue karibu, mizani isiyumbe. Tukapima kisoda kimoja. Kwa kipimo cha muuguzi kilitosha makopo kumi, na mimi nilitia vitatu kwenye manne! Nilikaa pale kwenye benchi lake muda mrefu, nikijitukana kimoyomoyo.

Nilinunua mizani ndogo kama ile. Nikachanganya upya, nikajipaka kiwikoni mwenyewe, nikasubiri. Uso wa dada ulipopona nilimpelekea kopo moja, bila kumwomba aniuzie.

Akanusa. "Yanawasha?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Akakunja mkono wa blauzi. "Haya, paka hapa. Tena huondoki, kesho tutaangalia wote."

Sikuondoka. Asubuhi aliniita kabla sijanawa uso, akasogeza kiwiko dirishani penye mwanga. Hapakuwa na kipele wala wekundu. Tulipaangalia mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Kisha dada akachovya kidole kwenye kopo na kujipaka shavuni, palepale palipokuwa pamebabuka.