Nafasi ya Tano

Mume wangu, Jabez Thoday, hakuwahi kushindana kwa kasia hata siku moja. Alikuwa fundi wa mashua wa chuo chetu pale mtoni Cam kwa miaka arobaini na mmoja, akimrithi baba yake, nami nilitandika vitanda vya wanafunzi chuoni humohumo. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini waulizeni wenye digrii zao kama yupo anayeukumbuka mwaka wa 1919 kunishinda.

Mto wetu ni mwembamba, mashua mbili za mbio hazipitani. Hupangwa foleni, na mzinga ukilia kila moja huikimbiza iliyo mbele yake. Mkiigusa, kesho nafasi yake ni yenu. Siku nne, kila Juni. Na mnapoishia ndipo watakapoanzia wenzenu mwakani, hata kama ninyi mmekwisha kuondoka. Imekuwa hivyo tangu babu yangu hajazaliwa.

Mwaka wa 1914 tuliishia nafasi ya tano. Vita ikaja, mbio zikasimama. Ziliporudi mwaka wa 1919, ikatangazwa kila chuo kianzie kilipoachia. Kati ya vijana tisa wa mashua yetu ile, saba walikuwa wamelala Ufaransa. Mashuka yao nilikuwa nikiyakunja mimi.

Kapteni mpya, Bwana Lanyon, alipata mshika usukani na wapiga kasia saba tu badala ya wanane, wengine wana vifua vilivyounguzwa na gesi. Akamwambia Jabez kwamba watajitoa. Sasa, mashua isiyokuwepo mzinga unapolia hufutwa, walio nyuma husogea mbele, nayo siku ikirudi huanzia mkiani kabisa. Sid Pamplin, fundi wa chuo cha nafasi ya sita, alikwisha kuanza kutamba baani: "Jabez, mwaka huu utashindana na bata."

Jabez alimwendea kapteni, kofia mkononi. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu.

"Bwana, mashua ni ya chuo, makasia ni ya chuo. Lakini ile nafasi si yako wala si yangu. Ina wenyewe."

"Wenyewe wamekufa, Thoday."

"Ndiyo maana hawawezi kujitoa, Bwana."

Bwana Lanyon akasema aliyebaki wa kujaza kiti cha nane ni Bwana Merrick, mmoja wa wale wawili waliorudi, naye ana mguu mmoja. Jabez akauliza ni upi.

Siku tatu alichonga ubao wa kukanyagia wenye tundu la kushika ncha ya mguu wa mti, akalizungushia ngozi usichomoke. Bwana Merrick aliujaribu, akaanguka chali mara mbili. Ya tatu akavuta, mashua ikaenda.

"Thoday," akasema, "mguu huu umepata kazi kabla yangu."

Siku ya kwanza nilisimama ukingoni. Jabez aliizuia mashua kwa upondo isigonge ukingo, saa mkono wa pili, akihesabu sekunde kwa sauti. Mshika usukani alikuwa ameshika mnyororo wetu, uliofungwa ukingoni kutuweka mahali petu mpaka mzinga ulie. Mbele na nyuma, mpaka konani, mashua zilikuwa zimetulia, kila moja mahali walipoiacha wale waliokufa. Wanaume walivua kofia bila kuambiwa. Nimesali kanisa kuu la Ely Krismasi nyingi, kimya kile sijakisikia tena.

Mzinga ukalia.

Tuliguswa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne hawakutupata. Pamplin akaja mwenyewe kumpa Bwana Merrick mkono. Bwana Lanyon alikuja kuomba radhi kwa nafasi tatu zilizopotea, akamkuta Jabez anaikausha mashua.

"Tumeshuka, Bwana. Hatukufutwa. Mwakani nitawahesabia kutoka ya nane."

Wanaoigusa mashua ya mbele hujipamba kichwani kwa majani ya mwerebi, mti wa ukingoni mwa mto. Miaka yote hiyo Jabez hakuyavaa. Alisema ni ya wapiga kasia. Juni ya 1926 aliingia nyumbani, jani moja limechomekwa kwenye kofia, akakaa, akaomba chai. Sikumwuliza kama ile ya tano imerudi. Niliitundika kofia na jani lake.